Wasomaji Wanauliza: Usiku wa Uhuru na Kelele za Mtaani Mexico City

SWALI: Dada shikamoo. Mimi msomaji wako wa Tanga. Ofisi inanipeleka Mexico City mwezi wa tisa na nasikia ndo wakati wa sherehe zao za uhuru. Sasa mtu mmoja kaniambia uhuru wao ni tarehe 5 Mei, mwingine kasema 16 Septemba, nimwamini nani? Na je mgeni kama mimi, mweusi, Kispanyola sijui, naweza kutoka nikajichanganya au nibaki hotelini niangalie kwenye tivii?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwamini huyo wa Septemba. Tarehe 5 Mei ni kumbukumbu ya vita vya Puebla mwaka 1862, jenerali Ignacio Zaragoza na jeshi lake waliwapiga Wafaransa, na wanaoishangilia sana ni watu wa Puebla wenyewe pamoja na Wamexico walioko Marekani. Uhuru ni habari nyingine kabisa. Alfajiri ya 16 Septemba 1810 padri Miguel Hidalgo alipiga kengele ya kanisa kwenye mji mdogo wa Dolores akawaita watu wainuke dhidi ya utawala wa Wahispania. Mwenyewe uhuru hakuuona, aliuawa mwaka uliofuata, vita vikaendelea mpaka 1821. Lakini wao wanasherehekea siku ile kengele ilipolia, siyo siku ya ushindi, na mimi hilo linanigusa sana kwasababu wanamkumbuka aliyeanza wakati hakuna aliyejua itaishaje.

Sasa sikiliza vizuri, usije ukafika tarehe 16 ukakuta watu wamelala. Sherehe yenyewe ni usiku wa tarehe 15. Saa tano usiku rais anatoka kwenye roshani ya ikulu pale uwanja wa Zócalo, anapiga kengele ileile ya Dolores ambayo ililetwa mjini 1896 enzi za rais Porfirio Díaz, afu anataja mashujaa mmoja mmoja na umati unajibu ¡Viva!, yaani aishi, mwisho kabisa ¡Viva México! mara 3 na fataki zinaanza. Mwaka 2025 Claudia Sheinbaum alikuwa rais wa kwanza mwanamke kusimama pale na kuita. Utasikia watu wanasema tarehe 15 iliwekwa kwasababu Díaz alizaliwa siku hiyo, ila usiku huo ulikuwa unasherehekewa kabla hata hajashika nchi.

Lakini mambo ya roshani ni dakika chache tu yani. Sherehe iko barabarani na inaanza mapema, Septemba ikikaribia tu unaona mikokoteni ya bendera kila kona, kuna za kufunika ukuta mzima na kuna za kuchomeka kwenye dirisha la gari, matarumbeta ya plastiki, masharubu ya bandia, riboni za kijani nyeupe na nyekundu za nywele za watoto wa shule. Na chakula! Kuna pozole, supu ya mahindi meupe makubwa na nyama, unaongezea mwenyewe figili, ndimu na pilipili. Kuna chile en nogada, pilipili kubwa ya kijani iliyojazwa nyama na matunda, juu mchuzi mweupe wa karanga aina ya walnut na punje za komamanga, rangi za bendera kamili kwenye sahani moja. Kama huli nguruwe uliza kabla hujakaa, maana pozole nyingi zinapikwa nayo, na hata ile ya kuku ulizia supu yake imechemshwa na nini.

Kuhusu weusi wako, mdogo wangu, nenda kifua mbele. Watu watakuangalia, wengine watataka picha, ila jua kwamba sherehe hii ina damu ya Afrika ndani yake. Vicente Guerrero, mmoja wa majenerali walioumaliza ule mpambano, alikuwa na asili ya Afrika, kazi yake ya mwanzo ilikuwa kusafirisha mizigo kwa nyumbu. Akaja kuwa rais 1829, na tarehe 15 Septemba mwaka huohuo akatangaza kufuta utumwa. Hiyo ni miaka 44 kabla ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa 1873, fikiria hapo. Walimuua kwa risasi 1831 na leo jimbo zima lina jina lake. Wazao wa Waafrika bado wapo, wengi pwani ya Guerrero na Oaxaca, na katiba imewatambua rasmi 2019 tu, kwa kuchelewa kunakouma.

Mambo ya kuzingatia: kituo cha metro cha Zócalo siku hiyo huwa kinafungwa kwahiyo shuka vituo vya jirani utembee, na uende mapema kuna ukaguzi. Mvua za Septemba ni kali na mji uko juu zaidi ya mita 2,200, usiku baridi, chukua koti. Simu mfuko wa mbele. Ukiona umati unakuzidi nenda mtaa wa Coyoacán, pana sherehe yake na familia nyingi. Tarehe 16 asubuhi kuna gwaride la jeshi. Na ukiwa bado upo tarehe 19 ukasikia ving'ora usitimue mbio, ni mazoezi ya tetemeko, maana matetemeko makubwa ya 1985 na 2017 yote yalipiga tarehe hiyo, we toka taratibu na wenzako.

SWALI: Dada, mdogo wangu anasoma hukohuko Mexico City. Kila nikimpigia nasikia sauti ya mtoto wa kike kama analia kwa kipaza sauti, na jioni mluzi mkali kama wa treni. Yuko salama kweli?

JIBU: Yuko salama dada, hiyo ndo mitaa yenyewe. Huyo mtoto ni rekodi, baba yake alimrekodi miaka mingi iliyopita na sasa magari ya kununua vyuma chakavu mji mzima yanaipiga, anataja magodoro, friji, majiko, chochote kilichochakaa. Huo mluzi ni mvuke wa mkokoteni wa viazi vitamu, vinapikwa humohumo ndani, afu wanamwagia maziwa mazito ya kopo. Kuna na mnoa visu na filimbi yake, kuna rekodi ya wauza tamales usiku, ule unga wa mahindi unaopikwa ndani ya majani, kila biashara na sauti yake na wenyeji wanajua bila kuchungulia dirishani. Akisikia kengele ya mkono asubuhi mwambie ashuke na taka zake haraka, gari la taka halimsubiri mtu.