Kijana unayesubiri ajira, nenda kwa wasaidizi wa kisheria

Nilipomaliza chuo nilikaa nyumbani Morogoro miezi minane nikituma barua za maombi ya kazi. Shangazi ndiye aliyenitoa. Aliniambia, "Wewe unajua kuandika, na pale kwa wasaidizi wa kisheria watu wanapanga foleni kwa kukosa mwandishi." Nikaenda nikiwa na nia ya kujaribu wiki moja. Nikakaa karibu miaka mitatu, siku mbili kwa wiki.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja: meza mbili, daftari kubwa la kusajili mashauri, na benchi nje chini ya mwembe. Wanaokaa kwenye benchi hilo wengi wana haki yao, ila hawajui waanzie wapi. Mjane ametakiwa na shemeji zake aihame nyumba kabla arobaini haijaisha, na hajui kwamba mirathi inafunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Msichana ana mtoto mgongoni, baba mtoto hapokei simu.

Siku moja alikuja baba mmoja, mlinzi, ameachishwa kazi. Akatoa kwenye bahasha ya kaki barua iliyokunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuchanika. Alikuwa ameshaizungusha kwa ndugu, kwa mchungaji na kwa mwenyekiti wa mtaa, na wote walimwambia avute subira, bosi atapoa. Mimi nikaangalia tarehe. Nikahesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani: siku ya 27. Mtu akiachishwa kazi isivyo halali, lalamiko lake linatakiwa lifike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 30. Zikipita, inabidi uombe kwanza usamehewe kuchelewa, na ombi hilo linaweza kukataliwa. Tukajaza fomu pale pale, mama kiongozi wetu akipitia kila mstari. Kesho yake yule baba akampelekea mwajiri nakala, naye mwajiri akasaini kuipokea. Siku ya 29 fomu ikawa mezani kwa Tume. Kazi yangu katika yote hayo ilikuwa kusoma tarehe na kuandika kwa mwandiko unaosomeka. Wewe uliyemaliza kidato cha nne unaiweza.

Najua vijana wengi wanaogopa kwa kuwa hawakusoma sheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria ambao si mawakili. Wanapata mafunzo, wanasajiliwa, huduma yao ni bure, na hawasimami mahakamani kumwakilisha mtu. Wewe unayejitolea unaanza chini ya hapo: unapokea watu, unasikiliza, unaandika, unasindikiza. Kama unajua Kimaasai au Kikaguru, ndiyo kabisa. Huku kwetu migogoro ya wakulima na wafugaji ni mingi, na nimemwona mzee akirudi nyumbani bila kueleza shida yake kwa sababu tu Kiswahili kilimpiga chenga.

Nikueleze na kosa langu, maana bado linaniuma. Bibi mmoja alikuja na mgogoro wa mpaka wa shamba. Nikamwambia kwa kujiamini aende Baraza la Kata, litaamua. Kumbe sheria ilibadilishwa mwaka 2021. Siku hizi baraza hilo linasuluhisha tu. Likishindwa, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bibi akalipa bodaboda mara mbili akitafuta hukumu isiyokuwepo. Aliporudi nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa, kisha akasema taratibu, "Mjukuu wangu, si ungeniambia tu hujui?" Tangu siku ile nikawa nasema, "Sijui bibi, ngoja nimuulize mama." Hakuna hata mmoja aliyenidharau kwa hilo.

Mengine utayazoea haraka. Usipokee hata soda. Uliyoyasikia ofisini yasifike kijiweni wala kwenye kundi la WhatsApp, hata bila majina, kwa sababu mtaani watu wanajuana. Na likija suala la mtoto aliyefanyiwa ukatili au mtu aliyebakwa, usikubali ndugu wakalimalizie nyumbani kwa mbuzi na fedha. Mwite kiongozi wako papo hapo, mumsindikize aliyeumizwa polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, apate na PF3, yaani fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali.

Ukitaka kuanza, pita ofisi ya kata, muulizie Afisa Maendeleo ya Jamii. Yeye anajua wasaidizi wa kisheria wa eneo lenu wanakaa wapi. Chagua ofisi unayoweza kufika kwa miguu, kwani nyingi hazina fungu la nauli. Sema wazi ni siku gani utakuja, hata kama ni moja, kisha uje siku hiyo bila kukosa. Kuna mtu atakuwa ameambiwa arudi Alhamisi kwa sababu Alhamisi ndiyo siku yako.