Jibu: Nataka kukusanya taka za kielektroniki Kilimanjaro nzima, mapipa ninunue wapi?

Salama mkuu. Umesema una godauni Moshi na unataka kukusanya simu, kompyuta na TV mbovu mkoa mzima, umekwama kwenye mapipa. Mapipa yasubiri. Tafuta kwanza mnunuzi wa mwisho mwenye kibali cha NEMC (baraza la taifa la mazingira), umuulize anachukua nini na nini hataki. Wewe mwenyewe pia unahitaji kibali, kanuni za taka za kielektroniki za 2021 zinamgusa hata mkusanyaji. Ada waulize ofisi ya NEMC Kanda ya Kaskazini.

Mimi nakusanya hapa Arusha, na kinachotesa ni TV za chogo. Bodi za saketi na shaba zinagombewa, lakini kile kioo kina madini ya risasi, hakuna anayekitaka. Ukitangaza "tunapokea kila kitu" godauni litajaa vichogo mpaka mlangoni. Zitoze ada au zikatae mwanzoni.

Mzigo mzuri uko kwa mafundi simu, siyo majumbani. Walipe kwa kilo, maana wa vyuma chakavu naye anawalipa (halafu anachoma waya apate shaba, moshi wote kwa majirani). Betri zilizovimba usichanganye na chochote: ndoo ya chuma, mchanga mkavu, nje ya godauni.