Maswali na Majibu ya Maji: Jua ni Bure, Pampu Si Bure

Barua za masika haya ni nyingi, na nusu yake zinauliza jambo lile lile. Nimechagua saba. Wanaotaka niwatajie fundi "mzuri wa bei nafuu" wanisamehe, huo si utaalamu wangu.

Simtanki la lita ngapi linatosha watu sita? Maji yanatoka mara moja kwa wiki. (Goba)

Hili nimelijibu hadi nimechoka. Idadi ya watu, mara lita anazotumia mtu kwa siku, mara siku ambazo bomba ni kavu. Watu 6, lita 50, siku 7: lita 2,100. Nunua la 3,000. Halafu usilipandishe kwenye kichanja cha mirunda, maana likijaa ni tani tatu, na watoto wanacheza chini yake.

Shikamoo mzee. Mfadhili alitujengea kisima chenye pampu ya sola, akasema mradi unahimili mabadiliko ya tabianchi. Miaka mitatu tumechota bure. Sasa pampu imekufa, tumeandika wilayani hatujajibiwa. Tufanyeje? (Kijiji kimoja, Manyoni)

Marahaba. Rudini kwenye barua yenu: "tumechota bure". Hapo ndipo pampu ilipofia. Jua ni bure. Pampu, inveta, koki na posho ya mlinzi si bure. Tuseme mna kaya 200, kila kaya madumu manne kwa siku, shilingi 20 kwa dumu. Ni shilingi 16,000 kwa siku, zaidi ya milioni tano na nusu kwa mwaka. Katika miaka mitatu ya bure mmekunywa zaidi ya milioni 17. Mngekuwa nazo benki, fundi angekuwa kijijini wiki ile ile, na barua ya wilayani ingekuwa ya kutoa taarifa tu.

Sheria ya maji ya mwaka 2019 ilileta RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kwa upande wenu ikaweka chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Mnacho kilichosajiliwa, au mna kamati ya shemeji zake mwenyekiti? Kama hamna, anzeni hapo. Akaunti iwe ya watu watatu kutia saini, na mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano wa kijiji kila robo mwaka. Mzee asiyejiweza asamehewe malipo kwa jina, mkutanoni, si kimyakimya.

Jambo la pili hamkuliuliza, ila nalisema. Nani kwenu anapima kina cha maji kisimani? Kamba ya kupimia na daftari, mara moja kwa mwezi, basi. Kanda ya Kati maji ya ardhini hayajazwi kila mwaka. Kumbukumbu za miongo mingi za visima vya Makutupora, vinavyolisha Dodoma, zinaonyesha kwamba maji hupanda hasa katika ile miaka michache ya mvua kubwa, mingi yake ikiwa ya El Niño. Miaka ya katikati yanashuka tu. Mvua kubwa ni mshahara, miaka mingine yote mnakula akiba. Pampu ya sola haina bili ya umeme wala dizeli ya kuibana, kwa hiyo inavuta alfajiri hadi magharibi na hakuna anayeshtuka. Kibao cha mradi kimeandikwa "himilivu", lakini siku maji yatakaposhuka chini ya pampu kibao hakitawasaidia. Atakayejua mapema ni mwenye daftari.

Nikichemsha maji ya kisima, meno ya wanangu yatarudi meupe? (Arumeru)

Hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu; floraidi, ile madini ya majini inayotia meno rangi, inabaki, tena inazidi makali maji yakipungua sufuriani. Wadogo ambao meno ya ukubwani hayajaota watafutie maji mengine ya kunywa, hata ya mvua.

Jirani anangoja mvua kubwa, anatoboa choo chake, uchafu unashuka hadi mlangoni kwetu. Anasema gari la majitaka haliingii uchochoroni. (Tandale)

Kutapisha choo ni kosa, na bwana afya wa kata yupo kwa ajili hiyo. Mpelekee, usiishie kunung'unika kwangu.

Wengi wanaamini mvua inaubeba uchafu na kuufikisha baharini. Kipindupindu cha 2015 kilianzia Kinondoni mwezi Agosti, masika yamekwisha kitambo. Uchafu unabaki kwenye visima vifupi na unazunguka mabomba yaliyopasuka. Siku ya mgao bomba likikosa msukumo, linanyonya kile kilicholizunguka, na maji yakirudi unakinga ndoo kwa furaha. Maji ya kunywa yatieni klorini hata kama yametoka bombani.

Hata hivyo hoja ya jirani ina ukweli nusu. Nyumba zimebanana hadi gari halipiti. Wapo vijana wanaovuta kwa pampu ya mkono na kubeba kwa guta. Ulizeni serikali ya mtaa, na waulizeni pia wanakwenda kumwaga wapi. Jirani akijenga choo upya, asichimbe shimo refu la kupangia matairi. Bondeni shimo refu linakutana na maji ya ardhini, na kitako cha shimo kinatakiwa kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji hayo. Ajenge juu ya alama ya mafuriko iliyobaki ukutani, kwa tofali na plasta, dogo lisilovuja, linyonywe mara kwa mara. Choo kinatakiwa kiwe mita 30 kutoka kisimani. Tandale mita 30 hazipo, kwa hiyo maji ya visima vifupi vya huko msinywe.

Je, Bwawa la Kidunda litamaliza mgao Dar es Salaam? Naomba jibu kabla ya Ijumaa, ni kazi ya chuo. (Morogoro)

Bwawa hilo ni la kuhifadhi maji ya Mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam. Litapunguza makali. Mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipopungua, DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ilitangaza mgao na visima vya Kigamboni vikawashwa haraka. Bwawa la mita za ujazo milioni 190 lingesaidia sana wakati ule. Ila bwawa halileti mvua. Na karibu theluthi ya maji ya mamlaka zetu hupotea kabla ya kulipiwa, kwa sababu kuziba bomba linalovuja hakuna utepe wa kukata. Huko kwenu nako, panda Uluguru uone mashamba yalivyoshuka hadi ukingoni mwa vijito, wakati sheria ya mazingira ya 2004 inataka yakae mita 60 kutoka hapo. Usiandike "mabadiliko ya tabianchi" kisha ukaweka nukta.

Kisima changu kimegeuka chumvi. Nichimbe chini zaidi? (Mbezi Beach)

Utaifuata chumvi iliko. Pwani maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi, yanaelea juu ya maji ya bahari; ukivuta kwa nguvu, chumvi inapanda. Weka pampu ndogo, punguza saa, kipumzishe kisima. Majirani wasipofanya hivyo unajisumbua, kwa hiyo itisheni kikao. Na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu unacho? Huna, nilidhani hivyo.

Paa la mama lina mita 10 kwa 8. Mvua ya milimita 50 itanipa lita ngapi? (Muheza)

Hatimaye mtu ameleta vipimo! Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo 80 mara 50 ni lita 4,000. Toa moja ya tano inayopotea, zinabaki 3,200. Hakikisha hizo mita umezipima chini ardhini, si kwenye mteremko wa bati. Mvua za kwanza zimwage, zinaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Funika kila tundu kwa wavu, hata la kufurikia, maana mbu wa dengi anapenda maji masafi. Koki ikae vidole vinne juu ya kitako cha tanki, na mama aonyeshwe jinsi ya kusafisha gata, au alipwe kijana wa kupanda.