Mzia anang'ata watu kweli?

SWALI: Habari za kazi jamani, mimi niko Tanga, wikiendi huwa tunaenda kuogelea na miwani huko miambani sasa juzi katokea samaki mzia (barakuda) mkubwa akawa anatufata tu, mwenzangu akakimbilia boti akavua na cheni yake eti mzia anavamia vitu vya kung'aa. Ni kweli? Na mizia ni aina moja tu?

JIBU: Pole kwa mshtuko, ila mwenzako kafanya vizuri kuvua cheni. Mzia anawinda kwa macho zaidi, na visamaki anavyovitafuta vinametameta, kwa hiyo cheni au saa ikipigwa na jua, hasa maji yakiwa machafu, anaweza kuivamia akidhani ni chakula. Kumng'ata mtu ni nadra sana lakini. Kuwafata vile ndo tabia yake, ni udadisi tu. Msimlishe, msimguse, na mnaovua kwa mshale msining'inize samaki kiunoni tafadhali, hapo ndo mnajitafutia kuumia.

Aina zipo zaidi ya 20, zote jenasi moja (kundi la aina zenye undugu) inaitwa Sphyraena, na wote utawajua tu, mwili mrefu mwembamba, taya la chini limetokeza kuliko la juu, meno makali yasiyolingana na mapezi mawili ya mgongoni yameachana mbali. Anatulia kimya halafu anachomoka ghafla. Sphyraena qenie mchana utawakuta makundi makubwa, ila huyo wenu aliyekuwa peke yake huenda ni Sphyraena barracuda, anaweza kufika karibu mita 2, watoto wake wanakulia kwenye mikoko na majani ya bahari wakikua wanahamia mwambani, ndo maana tukikata mikoko tunamaliza na samaki wa mwambani.

Hukuuliza kuhusu kula ila naomba niseme. Mzia mkubwa sana wa mwambani mwogopeni kwenye sahani kuliko majini, kuna sumu inaitwa sigwatera inatoka kwa vijidudu vya kwenye mwani, visamaki vinakula, wakubwa wanakula visamaki, inajikusanya kwake, na hata umpike vipi haitoki. Mle wadogo, maini na kichwa cha mkubwa acheni kabisa. Ukila ukaanza kutapika, midomo ikafa ganzi au kitu cha baridi ukikishika kinakuunguza, wahi hospitali na uwaambie umekula samaki gani.