Je, kontena ni kompyuta pepe?

Swali: "Mwalimu, mimi na mwenzangu tunatafsiri mwongozo wa mafunzo kwa watafiti wanaotumia kompyuta kuu (mashine zenye nguvu nyingi zinazotumiwa na watu wengi kwa pamoja) na huduma za wingu (kompyuta za kukodi kupitia mtandao). Mwenzangu anataka kontena liitwe 'kompyuta pepe nyepesi', kwa hoja kwamba 'kontena' ni neno la bandarini. Mimi nilikuwa nimeandika 'chombo'. Sentensi tuliyoshindwa kukubaliana ni hii: 'Watafiti wengi hupendelea kompyuta pepe nyepesi zinazokimbia kwenye wingu au kwenye kompyuta kuu bila kiini.' Tuandike nini? Na je, tuseme 'kontena hizi' au 'makontena haya'?"

Jibu: Ndugu msomaji, naanza na pendekezo la mwenzako, kwa sababu lina kosa la maana, na kosa la maana katika mwongozo wa mafunzo ni zito kuliko kosa la upatanisho wa kisarufi. Kontena si kompyuta pepe, iwe nyepesi au nzito. Jina lolote linaloligeuza kuwa aina ya kompyuta pepe litampotosha mtafiti katika jambo atakalolihitaji tangu siku ya kwanza, yaani kujua kiini cha mfumo endeshi anachokitumia ni cha nani, kiini kikiwa ni ile sehemu ya ndani kabisa inayosimamia prosesa, kumbukumbu na vifaa. Kompyuta pepe hutengewa sehemu ya kumbukumbu na ya muda wa prosesa, hupewa diski na kadi ya mtandao ambazo mara nyingi zimeundwa na programu, kisha huwasha mfumo endeshi wake kamili wenye kiini chake, kana kwamba ni kompyuta iliyosimama peke yake. Kontena haliwashi kiini chochote. Ndani yake mna programu ya kawaida pamoja na mafaili na maktaba (vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa) inazozihitaji, na kiini cha kompyuta mwenyeji ndicho kinachoitenga programu hiyo ili isizione programu za jirani wala isitumie kumbukumbu kupita kipimo ilichowekewa. Kwa sababu hiyo kompyuta pepe inaweza kuendesha Windows juu ya mwenyeji wa Linux, ilhali kontena la Linux ni lazima likute kiini cha Linux pale linapoendeshwa.

Katika aya hiyo nimetumia neno "mwenyeji", na ninawashauri mlitumie bila woga pamoja na mwenzake "mgeni". Kompyuta inayobeba ni mwenyeji, mfumo endeshi unaobebwa ndani ya kompyuta pepe ni mgeni, na msomaji wa Kiswahili anaelewa mara moja nani ana mamlaka juu ya nani. Neno "kiini" nalo limekaa vizuri mno, kwa kuwa hata nje ya taaluma hii tunalitumia kwa kitu cha ndani kabisa ambacho mengine yote yanakitegemea.

Sasa neno "pepe". Wengi tumelizoea kutokana na "barua pepe", na tunalihusisha na upepo na kitenzi "kupepea", kana kwamba barua yenyewe inaruka hewani. Lakini neno hili lina maana nyingine, ya zamani zaidi, ambayo wakulima wa nafaka wanaijua: pepe ni punje tupu, ganda lisilo na kiini ndani yake. Tafakari jinsi maana hiyo inavyogeuza mjadala wenu. Tukilishika neno kwa maana yake ya shambani, kompyuta pepe haistahili kuitwa pepe, kwa kuwa ina kiini chake. Kinachostahili ni kontena, ambalo ndilo lisilo na kiini na ndilo linalotegemea kiini cha mwenyeji. Mwenzako angeweza kuijenga hoja yake juu ya msingi huo, na ingekuwa hoja nzuri kuliko ile ya uzito na wepesi.

Hata hivyo singeikubali. Maana ya neno huamuliwa na wanaolitumia leo, na leo hakuna anayeiita barua pepe barua tupu. Katika istilahi za kompyuta, "pepe" imekuja kumaanisha kitu kinachofanya kazi ya kile kilichotajwa bila kuwa na umbo lake la kushikika. Maana hiyo inaifaa kabisa kompyuta pepe. Mwaka 1972 IBM ilipotangaza mfumo wake wa VM/370, lengo lilikuwa kila mtumiaji aliye mbele ya kituo chake aione kompyuta nzima kuwa ni yake, ingawa wote walikuwa wakigawana mashine moja. Kazi ya kompyuta ilikuwepo, umbo la pekee la kila mtumiaji halikuwepo. Andikeni basi "kompyuta pepe" au "mashine pepe", mradi mchague moja na kubaki nalo kitabu kizima, na mkumbuke kwamba kivumishi hiki hakipokei kiambishi cha upatanisho: kompyuta pepe moja, kompyuta pepe kumi.

Wapo wanaopendekeza "dhahania" badala ya "pepe". Siwaungi mkono. Darasani tunafundisha kwamba nomino za dhahania ni kama upendo, uvivu na hofu, mambo yanayofikirika tu, wakati kompyuta pepe inashika kumbukumbu halisi, inatumia umeme halisi na ikizidiwa inawachelewesha jirani zake kwa kiasi kinachopimika. "Bandia" ni mbaya zaidi, kwa kuwa inaleta harufu ya udanganyifu, kama katika "noti bandia".

Neno "uigaji" linahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu limeanza kutumika kwa kitendo chenyewe cha kuunda kompyuta pepe, nalo si sahihi. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walieleza masharti ambayo msimamizi wa kompyuta pepe, yaani programu inayoziunda na kuzigawia rasilimali, anapaswa kuyatimiza. Programu iendeshwe ndani yake kama ambavyo ingeendeshwa kwenye mashine yenyewe, isipokuwa kwa tofauti za muda na za kiasi cha rasilimali. Sehemu kubwa ya amri zake zitekelezwe moja kwa moja na prosesa bila msimamizi kuingilia kati. Na msimamizi abaki na mamlaka kamili juu ya rasilimali zote. Sharti la pili ndilo linalolikataa neno "uigaji". Programu inayoiga prosesa ya aina nyingine hulazimika kuzitafsiri amri zake, na kwa kawaida hulipia kazi hiyo kwa kwenda polepole, wakati kompyuta pepe inazipeleka amri nyingi kwa prosesa iliyopo. Kwa hiyo liacheni "uigaji" kwa jambo lake. Kwa kitendo hiki, Kiswahili hakihitaji nomino ndefu ya kubuni: semeni "kuunda kompyuta pepe" au "kuigawa kompyuta moja kuwa kompyuta pepe kadhaa". Lugha yetu hupumua kwa vitenzi, na mwongozo wa mafunzo ni mahali pazuri pa kuiacha ipumue.

Nije kwenye "chombo" lako. Ni neno zuri lenye kazi nyingi mno. Tuna vyombo vya habari, vyombo vya dola, vyombo vya nyumbani na vyombo vya baharini, na msomaji anayekutana na "chombo" katika ukurasa wa kompyuta atafikiria kifaa au zana kabla ya kufikiria unachokikusudia. Tena linapoteza sitiari, na sitiari hapa si pambo. Meli ya Ideal X ilipoondoka Newark kwenda Houston mwaka 1956 ikiwa na makontena 58, thamani ya mpango ule haikuwa katika masanduku yenyewe. Ilikuwa katika ukweli kwamba sanduku lililofungwa liliweza kuhama kutoka lori hadi melini bila mtu kugusa kilichomo, na kadiri vipimo vilivyozidi kufanana, ndivyo bandari na vyombo vya uchukuzi vilivyozidi kulipokea bila kuuliza. Waliolichagua jina hili kwa programu walikuwa na wazo hilo hilo: mtafiti aifunge programu yake pamoja na maktaba zake kwenye kompyuta anayoifanyia kazi, kisha aipeleke kwenye kompyuta nyingine na kuikuta ikifanya kazi vilevile.

Inafaa kukumbuka kwamba jina halikuwa hilo tangu mwanzo. Mfumo endeshi wa FreeBSD ulipotoa mbinu ya namna hii mwaka 2000, uliiita jela, kwa kuwa waliokuwa wakiitunga walijali zaidi kuizuia programu isitoroke. Kufikia Docker, programu ya kuunda na kuendesha makontena, ilipotolewa mwaka 2013, kiini cha Linux kilikuwa tayari na uwezo wa kutenga programu na kuzipimia rasilimali, na shauku ya watu ilikuwa imehama kutoka kuzuia hadi kusafirisha. Jina likahama pamoja na shauku. Hoja ya mwenzako kwamba "kontena" ni neno la bandarini ni kweli tupu, nayo ndiyo sababu ya kulichukua. Hata Kubernetes, programu ya kuyaratibu makontena iliyotangazwa mwaka 2014, imepewa jina la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani wa meli.

Ninajua wapo watakaouliza kuhusu "kasha", neno tulilolipata kutoka Kireno na ambalo bandarini hutumika sambamba na "kontena". Ningelipokea kwa furaha iwapo wataalamu wa kompyuta wangekuwa wanalitumia, lakini hawalitumii, na mwongozo wa mafunzo haupaswi kumfundisha mtafiti neno ambalo hatalikuta popote pengine.

Kuhusu ngeli, "kontena hii, kontena hizi" na "kontena hili, makontena haya" zote husikika. Nawashauri mshike LI-YA. Katika sentensi kamili kitenzi huonyesha wingi kwa vyovyote vile, lakini mwongozo wa kiufundi umejaa vichwa vya habari, majedwali na maelezo ya michoro yasiyo na kitenzi, na hapo "makontena" husema wazi kile ambacho "kontena" peke yake hukiacha kwenye mashaka.

Kwenye kompyuta kuu kuna jambo moja ambalo tafsiri yenu lazima ilibebe kwa usahihi. Kwa mpangilio wake wa kawaida, Docker hutegemea programu inayofanya kazi nyuma ya pazia kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, na anayeruhusiwa kuiamrisha anaweza kujipatia mamlaka hayo juu ya mwenyeji mzima. Kwenye mashine inayotumiwa na mamia ya watafiti, hilo halikubaliki. Ndiyo sababu Singularity, programu nyingine ya makontena, ilianzishwa mwaka 2015 katika Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley, Marekani, na mwaka 2021 mradi ukahamia Linux Foundation na kuitwa Apptainer. Humo, mtumiaji anabaki ndani ya kontena kuwa yule yule aliyekuwa nje, mwenye ruhusa zile zile. Msiandike kwamba kontena hili "halina msimamizi", kwa kuwa msomaji ataelewa kwamba halisimamiwi. Andikeni kwamba linaendeshwa kwa ruhusa za mtumiaji mwenyewe.

Yamebaki mambo madogo katika sentensi yenu. "Zinazokimbia" ni tafsiri ya neno kwa neno. Kwa Kiswahili programu huendeshwa au hufanya kazi. "Kompyuta kuu bila kiini" inamnyang'anya mwenyeji kiini chake, wakati kilichokusudiwa ni kwamba kontena halina cha kwake. Kuhusu wingu, napendelea "winguni" kila mnapozungumzia mahali kazi inapofanyika, kwa sababu "ukokotoaji wa wingu" husomeka kama kukokotoa mwenendo wa mawingu, kazi ambayo kompyuta kuu za utabiri wa hali ya hewa huifanya kweli kila siku. Sentensi yenu ningeiandika hivi: "Kwenye kompyuta kuu, watafiti wengi huendesha programu zao ndani ya makontena, ambayo hutumia kiini cha kompyuta mwenyeji; winguni, mara nyingi makontena hayo huendeshwa ndani ya kompyuta pepe, ambazo kila moja ina kiini chake."