Uliza Msafiri: Siku tatu kando ya mto Vézère

Toleo lililopita niligusia kidogo kijiji cha Les Eyzies, kusini-magharibi mwa Ufaransa, katika jimbo la Dordogne. Miaka minne niliyolea watoto wa watu mjini Périgueux, mapumziko yangu yalikuwa Jumatatu, na Jumatatu ndiyo siku ya gulio Les Eyzies. Nikipanda treni asubuhi, baada ya nusu saa hivi nimeshafika. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotazamia. Hizi nne zimebeba maswali ya wengi.

*Shikamoo Shangazi. Mwezi wa tano mimi na mume wangu tunakwenda kwa mdogo wangu Bordeaux kwa wiki mbili. Nimemwambia nataka kukiona kijiji chako, yeye anasema huko ni mawe matupu, bora twende Paris. Kweli kuna cha kufanya siku tatu? – Mama Junior, Dodoma*

Marahaba mwanangu. Mdogo wako kuhusu mawe amesema kweli, ila mawe ndiyo habari yenyewe. Kijiji kimebanwa kati ya mto Vézère na jabali la chokaa lililoinama juu ya mapaa, na ziko nyumba ambazo ukuta wake wa nyuma ni mwamba wenyewe. Mwaka 1868 vibarua waliokuwa wakifukua udongo chini ya jabali hilo walikuta mifupa ya watu wa kale. Mahali pale paliitwa Cro-Magnon, na "cro" kwa Kioksitani, lugha ya wazee wa kule, ni uvungu wa mwamba. Jina tulilolikariri shuleni ni la uvungu mmoja wa kijiji hiki, unafika kwa miguu kutoka stesheni.

Siku ya kwanza usijichoshe. Tembea barabara kuu, kisha panda kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kabla ya Historia, yaliyojengwa kuegemea jabali. Nje kwenye uwanda wake kuna sanamu kubwa ya mtu wa kale iliyochongwa na Paul Dardé mwaka 1931. Simama karibu nayo, utaona bonde lote: mto, reli, mashamba ya mijozi, yaani miti ya walnut.

Siku ya pili, asubuhi akili ikiwa bado safi, nenda Font-de-Gaume. Kama safari yako ina nafasi ya kitu kimoja tu, basi kiwe hiki. Ni pango lenye michoro ya rangi zaidi ya moja, michoro halisi, na watu wa kawaida bado wanaruhusiwa kuingia. Kwa siku huingia wachache sana, kwa makundi madogo, na kiongozi mbele. Enzi zangu tiketi ziliuzwa asubuhi ile ile. Mara ya kwanza nilifika saa nne nikarudishwa. Mara ya pili nililala kijijini, nikapanga foleni gizani mwezi wa kumi, mikono imekufa ganzi. Siku hizi nafasi huwekwa kwa intaneti, nazo huisha mapema, kwa hiyo mwambie mdogo wako akuwekee sasa hivi, hata kabla hujaanza kufunga mabegi.

Kutoka kibanda cha tiketi unapanda njia ya msituni kwa miguu mpaka mlango wa pango. Mabegi unayaacha, picha hupigi. Ndani ni ujia mwembamba. Kuna mahali panaitwa Rubicon ambapo unapita ubavuubavu. Mwanzoni huoni kitu. Ukuta una madoa mekundu na meusi tu, na majina ya watu waliojichorea zamani, maana wanakijiji walilijua pango hili na kuingia humo wasijue wanachokipita. Aliyeiona michoro kwa jicho la kuelewa ni Denis Peyrony, mwalimu wa shule ya hapo hapo, Septemba 1901.

Kiongozi wetu alikuwa mama mtu mzima, sauti ya chini kama yuko kwenye chumba cha mtoto aliyelala. Akasogeza taa pembeni, mwanga ukalamba ukuta, na lile doa likawa nundu ya nyati wa manyoya. Nundu ni uvimbe wa mwamba wenyewe. Mchoraji aliuona mwamba umevimba, akajua hapa pana mgongo, akaongeza yaliyobaki. Mbele zaidi kuna reindia wawili, wale wanyama wa nchi za baridi wenye pembe za matawi. Mmoja amepiga magoti. Mwenzake ameinama na kumlamba paji la uso. Rangi imefifia sana, ulimi uko katika mkato mdogo wa jiwe, na usipooneshwa unaupita. Mimi nilipooneshwa nililia, na yule mama hakuharakisha kundi. Kazi hiyo ina zaidi ya miaka 14,000, na aliyeifanya alikuwa amewaangalia wanyama wake kwa mapenzi.

Ninyi wa Dodoma mna Kolo, kule Kondoa. Kama hujawahi kupanda kuiona michoro yenu, panda kabla ya safari. Ya kwenu iko kwenye vivuli vya miamba, jua linaifikia, mtu aliweza kuitazama huku anapunga upepo. Ya Vézère iko ndani ya giza, aliyechora alibeba taa ya mafuta ya mnyama. Ukienda na Kolo kichwani utauliza maswali ambayo watalii wengine hawayafikirii.

Siku ya tatu, kama mvua hainyeshi, kodini mtumbwi kutoka Saint-Léon-sur-Vézère mteremke na maji mpaka Les Eyzies. Mto ni mpole, wenye mitumbwi wanawapa makoti ya kuelea na kuwasafirisha kwa gari. Njiani mtapita chini ya La Roque Saint-Christophe, jabali refu la kilomita 1 lenye matabaka matano ya vibaraza ambako watu waliishi tangu enzi za Neanderthal, watu wa kale zaidi, hadi mwaka 1588, kijiji hicho cha juu kilipobomolewa katika vita vya dini. Paris haihami, mtaiona safari nyingine.

*Mwalimu, hapo kwenye pango la michoro la Lascaux nimesoma kwamba watalii wanaoneshwa nakala. Niwalipie wanafunzi wangu wa zamani safari ya kwenda kutazama bandia? – Mwalimu mstaafu, Nakuru*

Mwalimu mwenzangu wa watoto, nakuelewa, nami nilikuwa na kinyongo hicho hicho. Lakini sikiliza kilichotokea. Septemba 1940, vijana wanne waliingia katika shimo kwenye kilima juu ya mji wa Montignac: Marcel Ravidat, Jacques Marsal, Georges Agniel na Simon Coencas. Pango likafunguliwa kwa umma mwaka 1948. Watu walimiminika kwa mamia kila siku, na pumzi zao, joto la miili yao, na taa zikaotesha mwani wa kijani juu ya mafahali ambao walikuwa wamekaa salama miaka takriban 17,000 au zaidi. Mwaka 1963 André Malraux, waziri wa utamaduni, akalifunga. Haikuwa hila ya kibiashara. Sisi watazamaji ndio tuliokuwa tunaliua.

Nakala ya kwanza, ya sehemu ya pango, ilifunguliwa mwaka 1983. Hii mpya, Lascaux IV, iko chini ya kilima hicho hicho tangu Desemba 2016, na imefuata kila uvimbe wa ukuta. Nilipoingia nilikusudia kukunja uso. Kisha nikasimama chini ya fahali mwenye urefu wa zaidi ya mita 5, nikasahau kukunja. Kule Font-de-Gaume mambo yamefifia, unabahatisha. Hapa unaona rangi jinsi zilivyo katika pango lenyewe, na ukubwa wake. Wapeleke, ila wapitie Font-de-Gaume kwanza, waguswe na kilicho halisi, ndipo nakala iwaelezee walichokiona.

Na waambie habari ya Coencas. Alikuwa mtoto wa Kiyahudi aliyekimbia Paris na familia yake; wazazi wake waliuawa Auschwitz. Yeye aliishi hadi mwaka 2020, wa mwisho kati ya wale wanne.

*Asalaam alaikum Bi Msafiri. Mimi na mke wangu tunapenda kutembea, lakini chakula hutusumbua. Huko mashambani tutakula nini cha halali? – Baba Salma, Mombasa*

Wa alaikum salaam, kaka. Swali lako ni la lazima, kwa sababu kule bata ni mfalme. Nyama ya bata, maini ya bata, na kibaya zaidi kwako, mafuta ya bata yamo mahali ambapo hukutazamia. Mnaweza kuagiza viazi mkidhani mmesalimika. Viazi vya kienyeji, "pommes sarladaises", hukaangwa kwa mafuta hayo hayo, na kitunguu saumu na kotimiri. Supu ya kitunguu saumu nayo mara nyingi huanza na kijiko cha mafuta ya bata. Jifunzeni sentensi moja: "Sans graisse de canard, s'il vous plaît," yaani bila mafuta ya bata tafadhali. Mpishi hatakasirika ukimwambia mapema.

Kitakachowashibisha ni gulio. Nunueni mkate, jibini ndogo za mbuzi ziitwazo cabécou, mayai, nyanya, stroberi za msimu, na jozi. Jozi za Périgord ni tamu hasa, na mafuta yake yakimwagwa juu ya saladi hutatamani siki tena. Keki ya jozi ulizieni kwanza kama imetiwa pombe. Chukueni nyumba yenye jiko, nanyi mpike. Tena mkumbuke saa: chakula cha mchana ni saa sita hadi saa nane. Ikipita hapo jiko limefungwa, na maduka mengi ya kijijini nayo hufungwa mchana.

Jambo moja mke wako atalipenda. Kule "bonjour" ndiyo hodi. Ukiingia dukani ukaanza na bei, wanakuona huna adabu. Ukianza na salamu, unaulizwa umetoka wapi, na kikapu kinaongezewa tunda. Sisi watu wa pwani hilo halihitaji kufundishwa.

*Dada, naishi Marseille, sina leseni ya gari, nina watoto wa miaka 6 na 9. Tutafika vipi, na watoto watachoka na mapango? Tena mama yangu Moroni anataka picha ya nyumba ya Josephine Baker, yule mwimbaji na mcheza dansi, je, iko karibu? – Mkomori wa Marseille*

Mdogo wangu, pandeni treni ya Marseille kwenda Bordeaux, mshuke Agen. Kutoka Agen kuna treni ndogo ya kwenda Périgueux inayosimama Les Eyzies. Ni chache kwa siku na mara nyingine basi hushika nafasi yake, kwa hiyo tazama ratiba ya tarehe yako.

Watoto wapeleke pango la Rouffignac, kama kilomita 15, kwa teksi mliyoiagiza jana yake. Ndani mnapanda kitreni cha umeme, na kuta zina mamothi, ndovu wa manyoya, wengi mno. Kuna pia mikwaruzo ya kucha za dubu na mashimo walimolala. Mwenye miaka 6 atayapenda mashimo hayo kuliko kitu kingine. Beba sweta, ndani ni nyuzi 13 hata Agosti. Majira ya baridi pango hilo hufungwa.

Nyumba ya Baker ni kasri la Milandes, kando ya mto Dordogne, si Vézère, na bila gari utalipa teksi ya kutosha. Alilinunua mwaka 1947 akalea humo watoto 12 aliowaasili kutoka mataifa mbalimbali, na mwaka 1969 alitolewa kwa sababu ya madeni. Mpigie mama picha ya ngazi za mlango wa jikoni. Hapo ndipo alipoketi siku alipofungiwa nje.