Je, ni dhambi kuupigia sebene wimbo wa Noeli?

SWALI: Padiri, Yezu asifiwe. Mimi naimba alto katika korali ya parokia yetu huku Katuba, Lubumbashi. Kwa mkesha wa Noeli maestro ameupanga upya ule wimbo wa usiku mtakatifu: ngoma, gitaa, na mwishoni sebene, ile sehemu ya gitaa la mbio inayowachezesha watu. Mzee aliyetufundisha katekisimu alitukuta kwenye mazoezi, akatoka kwa hasira. Anasema tuliupokea hivyo ulivyo na kuugeuza ni dhambi. Tangu siku hiyo korali imegawanyika. Tufanye nini?

JIBU: Yezu asifiwe milele, mwanangu. Si dhambi. Lakini usiende kumwambia Mzee kwamba Padiri amewapa ninyi haki, kwa maana hasira yake ina mizizi, na nitafika huko.

Kwanza wimbo wenyewe. Maneno yake aliyaandika padiri kijana wa Austria, Joseph Mohr, mwaka 1816. Miaka miwili baadaye, tarehe 24 Desemba 1818, alimpelekea mwalimu wa shule, Franz Xaver Gruber, ayatungie sauti, na usiku uleule wakauimba wawili hao katika kanisa la Oberndorf, karibu na Salzburg. Mohr alishika nini mkononi? Gitaa! Korali ilirudia tu maneno ya mwisho ya kila ubeti. Beti zilikuwa sita. Wengi wetu tunajua tatu. Kisha waimbaji wa milima ya Tirol wakaubeba mji kwa mji, nota kadhaa zikabadilika njiani, hata wenye wimbo wakasahaulika. Mwaka 1854 watu wa Berlin walipouliza umetoka wapi, ndipo Gruber, mzee tayari, akaandika ushuhuda wake. Basi hiyo sauti tuliyoipokea ilikuwa imekwisha kupangwa upya kabla haijafika kwetu.

Hata ule mwingine wa malaika waimbao juu ya mfalme aliyezaliwa una njia ya namna hiyo. Maneno ni ya Charles Wesley, 1739, na mstari wake wa kwanza ulibadilishwa na mtu mwingine. Sauti aliitunga Mendelssohn mwaka 1840 kwa sherehe ya kumkumbuka Gutenberg, mvumbuzi wa uchapaji, naye alidhani haitafaa kamwe kwa maneno matakatifu. Mwaka 1855 mpiga kinanda Mwingereza, William Cummings, akaviunganisha. Leo nani angethubutu kuvitenganisha?

Sasa Mzee wenu. Mwaka 1903 Baba Mtakatifu Pio wa Kumi alikataza piano kanisani, pamoja na ngoma na matoazi, akiviita vyombo vya kelele. Waliomfundisha Mzee walilelewa katika sheria hiyo, naye aliitii kwa moyo. Utii huo msiucheke. Lakini Kanisa halikusimama hapo. Mwaka 1958, huku huku Katanga, mjini Kamina, vijana walioongozwa na Padiri Guido Haazen waliimba Misa kwa Kilatini juu ya mapigo ya ngoma, ile iitwayo Missa Luba, na dunia ikaisikia. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukaagiza muziki wa kila taifa upewe heshima yake katika ibada. Na mwaka 1988 Roma ikaidhinisha Misa yetu ya Zaire, ambayo watu huicheza mbele za Mungu.

Kwa hiyo ngoma haina kosa. Mimi nina wasiwasi na hiyo sebene. Mtume Paulo anawaambia Wakorinto kwamba ataimba kwa roho, tena kwa akili. Gitaa likikimbia mpaka maneno yasisikike, na waamini wakanyamaza kuwatazama ninyi, mmewanyang'anya wimbo wao. Nimeona jambo hilo mara nyingi katika mikesha, na linaniumiza kuliko nota iliyogeuzwa. Mwambieni maestro aache sauti kuu ijulikane, watu wote waweze kuishika, na nguvu ya gitaa aiweke kwenye wimbo wa kutoka, watu wakienda nyumbani kwa furaha.

Kabla ya mazoezi yajayo, wewe na maestro mwendee Mzee nyumbani kwake, msalimieni kwa heshima, mwambieni habari ya gitaa la Padiri Mohr. Halafu mwombeni aanzishe ubeti wa kwanza yeye mwenyewe, bila chombo, polepole kama alivyozoea. Ngoma iingie kwenye ubeti wa pili.